Vipande Tulivyowapelekea Butiama

Nyamisi mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hujambo, maana nimekuona muda si mrefu ukimaliza sahani ya samaki wa furu na ugali wa udaga wa muhogo kama mtu aliyeambiwa kwamba Arusha hakuna chakula. Umekwenda Nyasho kumuaga shangazi yako, na shangazi yako akimshika mtu hamwachii upesi, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kibanda cha kazi. Karatasi nimeiweka juu ya tranka lako na mlango nimeuacha wazi ili nipate mwanga kabla jua halijazama. Ukirudi barua itakuwa imeshakunjwa na kuwekwa chini kabisa ya tranka, chini ya shuka. Basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo utaiona ukishafika chuoni.

Mambo ya chandarua, ya kuchagua marafiki na ya kwenda kanisani sitayaandika. Shangazi yako anakwambia hivi sasa, tena mara mbili mbili. Mimi nina jambo moja tu, na sijui nilianzie wapi kwa sababu mwenyewe silielewi. Nimechanganyikiwa. Nimekata bati miaka kumi na zaidi na sijawahi kusema neno hilo mbele ya kazi yoyote, lakini leo nalisema.

Ni hii miwani.

Jana uliponiletea ikiwa kwenye kiboksi chake, ukaniambia, "Mama, uwe unavaa ukichora, usije ukajikata kidole mimi sipo," nilicheka nikakwambia unanizeesha mapema ili urithi mkasi. Ukacheka na wewe. Lakini nilikuangalia usoni kutafuta kitu, sikukiona. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuanza kazi na kuiacha. Leo asubuhi nimemkatia mteja mfuniko wa ndoo mdogo kuliko ndoo yake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nikifika mbele utaelewa.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Nilimfuata Mzee Mafuru kule Nyakato, yule fundi wa ndoo na mabirika, nikamwomba anifundishe. Hakukataa. Alinipa ufagio. Mwaka mzima nilifagia vipande vya bati, nikawasha mkaa wa kuyeyushia risasi ya kuungia bati, nikashika upande wa pili wa bati yeye akikata. Kila alipotaka kuchora aliniambia, "Mama Nyamisi, hebu kaniangalizie nani anaita hapo nje." Nilikwenda, nisikute mtu. Nikirudi bati limeshachorwa na kigezo, kile kipande cha kuchorea umbo, kimeshafichwa chini ya godoro lake la kukalia.

Siku moja nilimwambia nataka kujitegemea, namwomba kigezo cha ndoo ndogo nikanakili. Alinipa bila maneno, nikaona mzee ana moyo mzuri. Nilikata ndoo sita kwa kigezo kile. Nilizipeleka pale Mwisenge, zikauzika zote, nikarudi nyumbani naimba. Kesho yake mama mmoja alinifuata na gauni limelowa kutoka kifuani hadi miguuni, ndoo mkononi, kitako kinaning'inia. Alinisema mbele ya watu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Wengine watano walikuja baadaye, mmoja mmoja.

Nilikwenda kwa Mzee Mafuru nikilia. Alikuwa anakula muwa. Akaniambia, "Kigezo cha kweli hakitokagi nyumbani kwa fundi. Cha kuazima kinakuwaga na kasoro. Na mimi nilipewaga hivyo hivyo." Kumbe alikuwa amekipunguza upana wa kidole pale kwenye mkunjo wa kitako. Nilinunua ndoo yake mwenyewe, nikaifumua kipande kwa kipande juu ya kitanda chako wewe ukiwa shule, nikapima, nikakosea, nikapima tena. Ilinichukua mwezi. Nilipoipata ndoo isiyovuja niliapa kwamba mtu akija kwangu kuomba kigezo nitampa cha kweli.

Niliapa, Nyamisi. Nakumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi.

Sasa yako. Siku ulipokuja nyumbani na boksi la shule umelikumbatia kama mtoto mchanga, nilidhani mmeanza kufundishwa upishi. Ukalifungua juu ya meza yangu, ndani kumejaa vibati vyenye matundu yaliyopangwa sawasawa, skrubu, nati, magurudumu. Ukasema hivi ni vipuri vya roboti, vimebaki baada ya timu yenu kuunda ya kwenu, na Mwalimu Magesa amekuruhusu uvigawe kwa shule za Bunda na Butiama ambako watoto wana hamu na hawana kitu. Nikakuuliza, "Hao si ndio mtakaoshindana nao?" Ukasema ndiyo. Nikakuuliza, "Sasa unampelekea adui panga?" Ukanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Mama, sasa tukishindana na wasiokuwa na roboti si tutakuwa tunashindana na benchi?"

Nilirudi kwenye bati langu. Sikukuelewa, na kusema kweli mpaka leo sikuelewi vizuri.

Vilikuwa havitoshi shule mbili. Ukaniomba nivinakili kwa masalia ya bati la matranka. Hapo nilifurahi, sitaki kudanganya. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeombwa kutengeneza vipande vya roboti! Ulinionyesha namna mhimili wa gurudumu unavyopita kwenye kipande cha kushoto na cha kulia, na kwamba matundu ya vipande hivyo viwili lazima yatazamane. Nilikwambia hilo nalijua, hata mkono wa ndoo uko hivyo hivyo. Nikachora kigezo, nikakata, nikatoboa, wewe ukipiga tupa kuondoa makali. Vile vya shule yako vya akiba nilivitengeneza kwanza. Vilikaa kama vimezaliwa pamoja.

Vya Bunda na Butiama nilivitengeneza peke yangu ukiwa shule.

Nataka uisome sentensi inayofuata polepole. Katika kila jozi, kwenye kipande kimoja nililihamisha tundu la mwisho, lile la mhimili, kiasi cha nusu ya upana wa kucha. Si vyote, nusu yake tu, ili mtu akikitazama kimoja kimoja asione kitu. Nilichora kigezo cha pili kwa ajili hiyo. Kipo mpaka sasa, nyuma ya debe la misumari.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza hilo mpaka kichwa kinauma. Siku nyingine najibu kwamba ni desturi ya ufundi, mkono ulikwenda wenyewe. Siku nyingine nasema nilitaka wajifunze kama nilivyojifunza mimi, kwa kufumua na kupima, maana nilichopewa na Mzee Mafuru kilinitoa machozi lakini kilinipa kazi. Hilo lina sura nzuri, ndiyo maana silipendi. Siku nyingine najua kabisa kwamba nilitaka ushinde wewe. Na ipo siku moja tu, kanisani, wanakwaya wakiwa wanaimba, nilipopata jibu nisilolitaka: nilikuwa nakuonea wivu. Jumamosi zako zote zilikuwa zangu, tunakaa humu kibandani unapiga tupa huku unanisimulia mambo ya shule. Zikahamia Butiama, ukienda kuwafundisha hata kabla sijakata vipande vyao. Watoto wa watu wakaanza kukuita mwalimu, na mimi nikabaki nalishika bati mwenyewe pande zote mbili. Sijui jibu ni lipi kati ya hayo. Labda ni yote, labda kuna lingine sijaliona.

Siku ya mashindano nilivaa kitenge changu cha sherehe. Unakumbuka? Nilikaa mbele. Timu ya Bunda ilikuja na roboti yenye ubavu wa ubao wa kreti ya soda, maana vipande vyangu viliwashinda wakavitupa, wakachonga vya kwao. Watu walicheka, lakini roboti ilikwenda. Halafu ikaja ya Butiama. Kile kibinti chembamba, Anastazia, alikiweka kile chombo kwenye mstari, akabonyeza, na roboti ikaanza kuvuta kushoto. Akairudisha. Ikavuta kushoto tena. Mara ya tatu ikaugonga mguu wa meza ya waamuzi. Anastazia hakulia. Aliipindua akaitazama chini kwa muda mrefu, halafu akaitazama mikono yake mwenyewe. Nyamisi, ile namna ya kutazama mikono naijua. Ndivyo nilivyotazama yangu siku ya ndoo.

Mlishinda. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ulipokuja kunikumbatia uliniuliza sikioni, "Mama, umeona ya Butiama ilivyokuwa inavuta upande?" Nikajibu, "Labda betri." Mimi hata sijui betri ya roboti inakaa wapi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Musoma hadi Butiama, na nilifika mwisho wake wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimepeleka matranka mawili kwa mteja, nikapita pale shuleni kwao nikidhani nitakukuta. Ulikuwa umekwenda Bunda siku hiyo. Nikamkuta Anastazia na wenzake watatu darasani, roboti imefumuliwa juu ya dawati. Akanikaribisha kwa adabu, akanipigia goti, akaniita mama. Nikakichukua kipande kimoja kutoka mezani, kile cha mhimili. Kando ya tundu langu kulikuwa na tundu jingine. Nikachukua kingine. Hivyo hivyo. Jozi zote, kila kipande nilichokiharibu kina matundu mawili yamebanana, moja langu na moja limetobolewa mahali panapostahili. Na ukingo wa lile la pili umepigwa tupa kwa nyuma, mduara mmoja na nusu, bila kurudia. Mtu anayepiga tupa hivyo namjua mmoja tu, kwa sababu nilimfundisha mimi.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Nani katoboa haya?"

"Dada Nyamisi," Anastazia akajibu. "Anakujaga na drili ya shule Jumamosi, anatutobolea. Ya kwanza hayakuwaga sawa, roboti ilikuwa inavuta." Akawatazama wenzake. "Ila mama, alituambia tusikwambie. Alisema macho yako yamechokaga na kazi, matundu mengine yanakupotea, na ukijua utajisikia vibaya. Usimwambie kama tumesema."

Niliwaahidi sitasema. Nikawashukuru. Nikatoka nje, nikaenda nikasimama nyuma ya choo cha shule kama mwizi wa kuku.

Sasa ndipo hapo nilipokwama. Wiki mbili nimekuwa nakuchungulia. Ukinisaidia kushika mkasi naona kama unajua. Ukiniwekea taa karibu naona kama hujui, kama kweli unadhani mama yako ameanza kupofuka na unamwonea huruma. Kama hujui, basi umekuwa ukisafiri kila Jumamosi kurekebisha kosa la mama mzee, kwa upendo, na mimi nimeupokea upendo usiokuwa wangu. Na kama unajua, basi mtoto wangu alinitungia ugonjwa ili watoto wa watu waendelee kuniita mama. Sijui lipi linaniuma zaidi. Nikiamka naona la kwanza, nikila naona la pili.

Halafu juzi ukaniletea boksi la vipuri. Nilidhani utamwachia Mwalimu Magesa. Ukaniwekea mimi mezani, ukasema, "Mama, ukipata nafasi Jumamosi moja moja uende Bunda na Butiama. Uwafundishe kukata wenyewe. Wakiwa na kigezo hawatakuhitaji wewe wala mimi." Nikabaki nimeshika nyundo. Kati ya watu wote wa Musoma! Na jana, miwani.

Sina ushauri wa kukupa, mwanangu. Nina mambo mawili tu niliyoyalipia. La kwanza, huko uendako kuna siku kitu ulichokiunda kitavuta upande, na utatazama mikono yako. Kabla hujaitazama, pima kipande ulichopewa. Inawezekana mikono haina kosa. La pili ni gumu kulisema. Mtu aliyepewa kigezo cha uongo hasahau, nilidhani kutosahau kwenyewe kungenilinda nisimfanyie mwingine. Hakukunilinda. Niliapa nikiwa na uchungu, na uchungu ulipopoa kiapo nacho kikapoa.

Leo mchana, ulipokuwa unafunga begi, niliivaa miwani kwa siri. Nilichukua kipande cha bati, nikachora mstari kwa msumari kama siku zote, nikautazama. Nikaivua, nikautazama tena. Nyamisi, bila miwani ule mstari una ukungu. Ndani ya miwani umesimama peke yake, mwembamba, mkali. Kwa hiyo hukukosea. Macho yangu yamechoka kweli, wewe uliona kabla yangu, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kujua. Nilikaa hapa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Maana hapo shetani alinipa njia nzuri sana. Ningenyamaza tu. Ungeondoka kesho na maneno yako yangekuwa ya kweli: mama yangu macho yamechoka. Hakuna mtu Musoma, Bunda wala Butiama ambaye angesema vinginevyo. Hata mimi baada ya miaka miwili ningeanza kuamini.

Lakini Jumamosi nimekwishaamua kwenda Butiama, na Jumamosi inayofuata Bunda. Nitabeba kile kigezo cha kweli, sitakinakili, nitawaachia chenyewe. Nitabeba na kile cha uongo, wakiweke kimoja juu ya kingine waone kwa macho yao. Nitamwambia Anastazia mbele ya wenzake kwamba mikono yake haikuwa na kosa. Sijui watanifanya nini. Labda hawataniita mama tena. Wale wa Bunda nina hamu ya kuwaomba wanionyeshe walivyochonga ule ubao wa kreti. Na nikaona si haki wao wajue Jumamosi kabla yako wewe.

Nakusikia, umefika kwa jirani, unasalimia. Una sauti ya shangazi yako ukiwa mbali. Sitakuuliza kama ulijua. Ukitaka kuniambia, utaniambia, na usipotaka, nitabaki nimechanganyikiwa na nitaendelea kukata bati hivyo hivyo. Miwani nimeivaa sasa, ndiyo maana mistari imenyooka. Asante, mwanangu. Nitaivaa kila siku.

Lakini matundu yale niliyatoboa kabla hujaninunulia, saa nne asubuhi, mlango wazi, jua limejaa kibandani. Niliyaona yote vizuri.

Mama yako,
Mwisenge